Hulka za Watoto Wachanga (Sehemu ya Pili)

Katika makala iliyotangulia tulieleza jinsi matabibu wa kale walivyoigawa mizaji ya wanadamu kwa damu, balghamu, safura na sauda. Leo twafikia uchunguzi ulioanzishwa New York mwaka 1956 na Alexander Thomas na mkewe Stella Chess, waliowafuatilia watoto tangu uchanga wao, wakawaona wengine wepesi, wenye kulala na kunyonya kwa wakati na kumpokea mgeni bila ya kinyongo. Wengine wazito wa kuzoea. Na wengine, yapata mmoja katika kila kumi, wagumu, wenye vilio vikali na wasiotulia ila kwa taabu.

Ugumu huo kule Marekani aghalabu ulikhofiwa kuwa dalili ya mashaka yajayo. Walakini Marten deVries alipofika kwa Wamasai wa Kenya katika miaka ya 1970, akawachagua wachanga kumi walio wepesi kabisa na kumi walio wagumu kabisa, ukame ulishika nchi na mifugo ikafa kwa wingi. Na aliporejea kuwatafuta alizipata jamaa za wepesi saba, ambao watano kati yao walikwisha kufariki, na za wagumu sita, aliyefariki kwao akiwa mmoja tu. Idadi ni chache mno, wala si haki kuijengea kanuni. Lakini sababu aliyoidhania yaingia akilini, kwani mama wa Kimasai humnyonyesha mwana kila aliapo, na katika njaa mwenye kulia sana ndiye apewaye ziwa, ilhali mpole husahauliwa kwa upole wake. Tena, watu wanaowatukuza morani watamchukiaje mtoto mwenye ukali?

Ama kuhusu waume na wake, Condry na Condry waliwaonyesha watu wazima, mwaka 1976, sinema ya mtoto mmoja wa miezi tisa aliyelia mbele ya kisanduku kinachochomoka mwanasesere kwa ghafla: walioambiwa ni mwanamume waliona ghadhabu, na walioambiwa ni mwanamke, khofu, na kilio ni kile kile! Ni kweli kwamba tafiti nyingi zilizokusanywa pamoja mwaka 2006 ziliwaonyesha wasichana kuwa hodari zaidi wa kujizuia, na wavulana kuwa na vishindo zaidi. Bali katika hasira na huzuni tofauti ilikuwa haba sana, na sehemu ya hiyo haba, kwa rai yangu, ni ya macho ya watazamaji.