Mche Huhamishwa, Msitu Haubebeki

Kitisuru, magharibi ya Nairobi, ni mtaa wa malango na kuta nyeupe. Mtu wa Pwani kama mimi akipita huko hukumbuka chokaa ya nyumba zetu za zamani. Lakini weupe huu si wa chokaa. Rangi za siku hizi hupata weupe wake kwa titani, madini yatokayo katika mchanga mzito kama ule wa Kwale. Kwa hivyo habari ya Kwale si ya watu wa Kwale peke yao. Kila apakaye ukuta wake rangi ana sehemu yake.

Na tuizungumze, ndugu msomaji, bila ya kumtukuza wala kumtukana mtu. Kampuni ya Base Titanium ilianza kusafirisha madini ya Kwale mwaka 2014, na uchimbaji ukakoma mwishoni mwa 2024. Watu wa Maumba na Nguluku walihamishwa kuipisha kazi hiyo. Jirani ya machimbo uko msitu wa Gongoni, makao ya mbega na ya miti iliyo nadra. Mmoja wataalamu huuita Gigasiphon macrosiphon; maua yake ni makubwa, meupe, nao umebaki katika misitu michache ya Pwani ya Kenya na Tanzania. Kampuni iliweka kitalu cha miti ya asili, ikaotesha miche ya kupandwa katika ardhi iliyokwisha kuchimbwa. Hilo ni jema, na mwenye haki ya shukrani apewe.

Lakini mche si msitu. Mti wahitaji mdudu wa kuchavusha ua lake, mnyama wa kutawanya mbegu zake, na udongo uliorutubishwa na majani ya miaka mingi. Mbega naye hataki mti mmoja mmoja. Ataka matawi yashikane, apite juu asiteremke. Hayo hayatiwi katika mfuko wa kitalu.

Ushahidi hauko mbali na Kitisuru. Tangu mwaka 2014 mbega walihamishwa kutoka Kipipiri wakaletwa msitu wa Karura, nao wakakaa. Waliweza kuletwa kwa kuwa msitu wenyewe ulikuwapo. Na ulikuwapo kwa sababu Wangari Maathai na wenzake waliupigania mwishoni mwa miaka ya 1990, wajenzi walipokuwa wakiutaka. Lau ungalikuwa majumba, mbega wangaliletwa wapi?

Sasa tuje Mrima. Kilima hiki cha Kwale kina niobi na madini adimu yanayotafutwa sana duniani. Juu yake upo msitu uliohifadhiwa kwa sheria, na ndani yake mna kaya ya Wadigo. Mwaka 2013 kampuni ya Cortec ilipewa leseni ya kuchimba, na mwaka huo huo leseni ikafutwa. Kampuni iliishitaki serikali mbele ya jopo la kimataifa, na mwaka 2018 ikashindwa. Waamuzi waliona kuwa leseni ile haikuwa halali tangu mwanzo, kwani ilipatikana bila ya kutimiza sheria za nchi za kulinda mazingira.

Basi Mrima umelindwa mara mbili: kwa miiko ya wazee na kwa sheria ya serikali. Kwetu sisi Waislamu jambo hili si geni. Mtume (S.A.W.) aliifanya Madina kuwa mahali pa haramu, miti yake isikatwe wala wanyama wake wasiwindwe. Mpaka uliwekwa, watu wakaujua.

Sisemi madini yasichimbwe kabisa. Wenyeji wa Kwale wanahitaji kazi, skuli na maji kama watu wengine. Nisemalo ni kuwa mpaka utangulie shoka. Kabla ya leseni kutiwa muhuri, viumbe vilivyopo vihesabiwe, wazee waulizwe, na sehemu isiyoguswa ipimwe na itangazwe hadharani, si baada ya mashimo kuchimbwa.

Machimbo ya titani yalidumu miaka 11 hivi, yakaisha. Msitu wa Mrima ulikuwapo kabla ya kampuni yoyote kuusikia, na hauna haja ya mtu kuja kuupanda. Wahitaji kuachwa tu.