Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Methali hiyo hutajwa zaidi penye karamu, lakini huko Kisugu, katika sehemu ya Makindye mjini Kampala, yaweza kuchukuliwa kwa maana yake halisi. Hapo, karibu na kilima cha Muyenga na reli ipitayo Namuwongo, ipo hospitali iliyojulikana kwa miaka mingi kwa jina la International Hospital Kampala, na ambayo siku hizi yaitwa C-Care IHK. Mwanzilishi wake ni Daktari Ian Clarke, mtu wa Ireland ya Kaskazini, aliyefika Uganda mwishoni mwa miaka ya 1980 na kuanza kazi Kiwoko, katika Luweero iliyokuwa imetoka vitani punde. Katika hospitali ya Kisugu iliwekwa wodi ya hisani, Hope Ward, kwa ajili ya wagonjwa wasio na uwezo wa kulipa.

Daktari Clarke alikuwa mgeni aliyekaa. Mabingwa wengi wa mifupa wajitoleao kwenda nchi za ng'ambo hawana nafasi hiyo. Huja kwa wiki moja au mbili, hupasua tangu asubuhi hadi usiku, kisha hurejea makwao. Heshima yao ni kubwa, nasi hatuna budi kuwashukuru. Hata hivyo, yafaa tuulize: mgeni akisha kuondoka, mwenyeji hupona?

Tuchukue mfano wa mfupa wa paja. Mwendesha boda boda agongwapo na kuvunjika paja, tiba ya zamani, ambayo bado hutumika mahali pengi, ni kuuvuta mguu kwa kamba na uzito, naye alale chali kwa wiki sita hata kumi na mbili. Katika muda huo kazi husimama, kodi ya nyumba hulimbikizana, na watoto hurudishwa kutoka shuleni. Mpasuaji akitia msumari wa chuma ndani ya mfupa, mtu huyo huyo aweza kusimama kwa magongo baada ya siku chache tu.

Lakini mfupa hauna haraka. Huunga kwa miezi, na katika miezi hiyo kidonda chaweza kutoa usaha, au skrubu ikalegea. Siku hiyo bingwa yuko ng'ambo, na aliye zamu ni daktari na muuguzi wa hapa. Ikiwa hawakufundishwa kazi ile, wala hawakuachiwa vifaa vyake, wao ni kama askari walioachiwa bunduki bila ya risasi.

Jambo hilo lilimgusa mpasuaji mmoja Mmarekani, Lewis Zirkle, aliyewahi kuwa daktari wa jeshi katika vita vya Vietnam. Mwaka 1999 alianzisha shirika la SIGN. Msumari wake waweza kutiwa na kufungwa skrubu pasipo mashine ya eksirei katika chumba cha upasuaji. Waganga wenyeji hufundishwa, hospitali hupewa misumari, na kila wapelekapo taarifa na picha za wagonjwa waliotibiwa, hupelekewa mingine. Mulago ni miongoni mwa hospitali zilizofaidika.

Vivyo hivyo kwa watoto wazaliwao na nyayo zilizopinda kuelekea ndani. Njia itumikayo leo ilibuniwa na Daktari Ignacio Ponseti, ambaye katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania, 1936 hadi 1939, aliwatibu askari waliovunjika mifupa. Mguu hunyooshwa kidogo kidogo kwa plasta ibadilishwayo kila wiki, na mara nyingi ukano wa kisigino hukatwa kidogo. Kisha mtoto huvaa viatu vilivyounganishwa kwa kipande cha chuma, usiku baada ya usiku, hadi afike miaka minne hivi. Akiachiliwa mapema, mguu hurudi kupinda. Ni dhahiri kwamba kazi hiyo haimalizwi na mgeni wa wiki mbili. Humalizwa na mhudumu wa karibu na mama asiyekata tamaa.

Ndugu askari, nanyi mna sehemu yenu. Katika Vita Kuu ya Kwanza, wengi wa askari waliovunjwa paja kwa risasi walikufa. Robert Jones alipolileta vitani gango lililobuniwa na mjomba wake, Hugh Owen Thomas, na wabeba machela wakafundishwa kulifunga mapema, vifo vilipungua sana. Sababu ni wazi: paja lililovunjika laweza kumwaga ndani kwa ndani lita moja ya damu au zaidi, na kila mtikiso huzidisha hatari.

Basi mfikapo penye ajali, msimtupe majeruhi nyuma ya gari, wala msimpakie kwenye pikipiki. Penye damu, kandamizeni kwa kitambaa safi. Ufungeni mguu kwa ubao, au mwuunganishe na mguu mzima, ndipo mumwinue kwa pamoja. Bingwa aweza kutoka mbali na kisu chake, lakini akimkuta majeruhi amekwisha kukata roho, safari yake ni bure. Mwenyeji aliye wa kwanza kumponya mwenzake ni yule afikaye kwanza barabarani.