Aspirini Inaponuka Siki

Mama mjamzito wa Heru Juu, Kasulu, alinionyesha kopo la aspirini alizopewa ili kumkinga na kifafa cha mimba. Ulikuwa msimu wa mvua, na kopo lilikaa jikoni. Nilipolifungua, lilinuka siki.

Unyevu huigawa aspirini ikawa asidi ya siki na asidi salisiliki. Hii ya pili ndiyo iliyowachoma wagonjwa matumbo kabla aspirini haijatengenezwa katika maabara za Bayer, Ujerumani, mwaka 1897. Nayo haizuii chembe sahani za damu kugandana, kazi ambayo mama huyu aliihitaji.

Mwalimu wa kemia aweza kulionyesha jambo hili darasani. Ponda kidonge kipya na kingine cha zamani, koroga kila kimoja katika maji yake, kisha dondoshea kloridi ya chuma. Kipya hubaki na rangi ya manjano, au zambarau hafifu. Kilichoharibika hugeuka zambarau iliyokolea.

Nilimpa vidonge vipya, miligramu 75 kwa siku, tiba ambayo yafaa ianze kabla ya wiki ya 20. Nikamsihi asimpe mwanawe mwenye homa hata kimoja: aspirini yaweza kumletea mtoto ugonjwa adimu, lakini mkali, wa ini na ubongo.