Ripoti ya Ajali ya Lori Ni ya Nani?

Barabara kuu inayotoka Dar es Salaam kupitia Dodoma, Singida na Kahama huingia Kagera kwa upande wa Biharamulo. Hupita Nyakanazi, Lusahunga na Nyakahura, kisha hufika Ngara na kugawanyika, njia moja ikielekea daraja la Rusumo na Rwanda, nyingine Kabanga na mpaka wa Burundi. Mafuta, saruji na ngano ya Kigali na Bujumbura hupita humo usiku na mchana. Kwa watu wa Nemba na kata nyingine za Biharamulo, na kwa majirani zao wa Ngara, kufika barabarani ni kukutana na malori: wanapishana nayo wakiwa kwenye bodaboda, wanauza ndizi yanaposimama, na moja likipinduka wao ndio wa kwanza kufika na mara nyingine ndio walioumizwa. Siku chache baadaye hufika mtu mwingine, mwenye kamera na futi ya kupimia, akaandika ripoti itakayoamua nani alipwe na kiasi gani. Aliyevunjwa mguu au kubomolewa nyumba haioni ripoti hiyo. Hoja yangu ni kwamba anapaswa kuiona, na kwamba ushahidi unaoijenga unapaswa kulindwa tangu saa za mwanzo, kabla winchi haijaliinua lori.

Mtu huyo ni mkadiria hasara, ambaye madereva humwita tu asesa au mtu wa bima. Husajiliwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, TIRA, chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Kazi yake ni kueleza kilichotokea, kupima kama bima iliyokatwa inakigusa, na kukadiria hasara. Kampuni za bima zina wakaguzi wao walioajiriwa, lakini ajali nzito ya lori, yenye vifo, mzigo wa thamani na mali za watu zilizoharibiwa, aghalabu hukabidhiwa mtaalamu wa nje anayeitwa huru. Uhuru huo una mpaka. Yeye hayumo katika orodha ya mishahara ya kampuni ya bima, lakini kampuni hiyo ndiyo inayomwita, ndiyo inayompangia maswali na ndiyo inayolipa ankara yake, na kazi yake ijayo huenda ikatoka huko huko. Sisemi kwamba watu hawa si waaminifu. Ripoti iliyoandikwa kwa uadilifu inaweza kuilazimisha kampuni kulipa hata pale ilipotamani kukataa. Ninachosema ni kwamba aliyeulizwa maswali ya upande mmoja hujibu maswali ya upande huo, na majeruhi hana mtu wa kumuulizia yake. Katika majimbo mengi ya Marekani wapo wakadiria hasara wenye leseni wanaoajiriwa na mteja ili wasimame upande wake mbele ya kampuni, lakini hata wao humtumikia aliyekata bima, hasa katika madai ya mali. Aliyegongwa akiwa kando ya njia hubaki na wakili, kama anaweza kumpata.

Ili tuone uzito wa ripoti hiyo, tuchukue maneno yanayosikika karibu kila lori linapoacha njia mteremkoni: breki zilifeli. Maneno hayo hupokelewa kama vile mvua au radi, jambo lisilo na mkosaji. Kwa mtaalamu ndiyo kwanza uchunguzi unaanza. Breki za lori kubwa huendeshwa na upepo, lakini breki ya kuegesha imejengwa kinyume: springi nzito ndiyo inayobana gurudumu, na upepo kazi yake ni kuizuia isibane. Upepo ukivuja ukaisha, springi hubana na magurudumu hufungwa yenyewe. Kwa hiyo dereva akisema upepo uliisha ndipo gari likakimbia, mkaguzi makini haandiki hivyo akafunga daftari. Analala chini ya gari atazame kama springi zilikuwa zimefungwa kwa boliti na fundi wa njiani, ili lori lenye upepo unaovuja liendelee na safari. Anapima kama breki zimelika na kulegea kiasi kwamba hata zikibana hazishiki. Anatazama ngoma za breki, kwa sababu sababu ya kawaida mteremkoni ni joto: dereva ameshuka na gia kubwa, mguu haubanduki kwenye pedali, ngoma zikapata moto na kutanuka, na breki zikaishiwa nguvu. Ngoma iliyoungua hivyo hugeuka rangi ya bluu na kufanya nyufa ndogo ndogo. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito, ambayo Tanzania ilianza kuitumia mwaka 2019, inaruhusu lori lenye ekseli saba kufikia tani 56 pamoja na mzigo. Lori la uzito huo likitoka kasi ya kilomita 40 kwa saa na kufika 80, nguvu ambayo breki zinapaswa kuimeza haiongezeki mara mbili. Inaongezeka mara nne. Tukijua hayo, breki kufeli si bahati mbaya tena. Ni uamuzi wa mtu fulani, ama dereva aliyechagua gia, ama fundi aliyefunga boliti, ama tajiri aliyeliruhusu gari litoke gereji likiwa bovu. Kila jibu lina mdaiwa wake.

Karatasi nazo husema. Kituo cha mizani cha Nyakahura huandika uzito wa kila ekseli pamoja na saa ambayo lori limepita. Tuseme tiketi imechapwa saa 8:00 mchana na ajali imetokea saa 8:40, kilomita 60 mbele. Wastani ni kilomita 90 kwa saa, ilhali sheria ya usalama barabarani imeweka kikomo cha 80 kwa magari ya biashara yanayozidi kilo 3,500, na wastani huo umehesabu hata vilima alivyopanda polepole. Mizigo ya transiti hufungwa kifaa cha kielektroniki cha Mamlaka ya Mapato, TRA, kinachoonyesha gari liko wapi, wenye malori wengi hufunga vifuatiliaji vyao wenyewe, na injini za malori mapya zina kompyuta ndogo zinazoweza kutunza kumbukumbu za kasi na breki kabla ya mgongano. Mihuri ya forodha, risiti za mafuta na miamala ya simu huonyesha dereva amekaa kwenye usukani saa ngapi bila kulala. Taa iliyovunjika ikiwa imewaka huacha waya wake wa ndani umevutika, na mkaguzi akauona hata baada ya wiki. Mikwaruzo kwenye lami haisubiri hivyo. Tanzania si Marekani, ambako tangu mwisho wa 2017 malori mengi ya safari ndefu yanatakiwa kuwa na kifaa kinachorekodi saa za kuendesha, lakini ushahidi si haba. Tatizo ni kwamba mkadiria hasara mara nyingi hutoka Mwanza au Dar es Salaam. Akifika, lori limeshavutwa pembeni, betri na matairi ya akiba hayapo, mvua imefuta alama za matairi, na kama lilikuwa na namba za kigeni huenda limeshavuka mpaka. Picha zilizopigwa saa ya kwanza na vijana wa bodaboda zina thamani kuliko kurasa nyingi zitakazoandikwa baadaye, na hakuna anayeziuliza.

Kutojua sheria ndiko kunakowaumiza watu mara ya pili. Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, inamtaka kila mwenye gari awe angalau na bima ya mtu wa tatu, ile inayoitwa bima ndogo. Mkadiria hasara akigundua kwamba mzigo ulizidi au gari lilikuwa bovu, kampuni huweza kumwandikia mwenye lori kwamba haitamlipa kwa sababu amevunja masharti. Habari hizo humfikia majeruhi zikiwa zimefupishwa: bima imekataa. Anarudi nyumbani na magongo yake akiamini yameisha. Lakini sheria hiyo inazuia masharti kuhusu hali ya gari, uzito wa mzigo au idadi ya watu waliopandishwa kutumiwa dhidi ya mtu wa tatu. Kampuni inapaswa kumlipa yeye kwanza, kisha imgeukie mteja wake kumdai. Ubovu ule ule unaomnyima tajiri fidia ya lori lake ndio ushahidi bora wa majeruhi kwamba kulikuwa na uzembe. Sasa tazama mzunguko ulivyo: ili kampuni ilazimike kulipa, kwa kawaida lazima kuwe na hukumu ya mahakama, ili kuwe na hukumu, lazima uzembe uthibitishwe, na uthibitisho umelala kwenye jalada la kampuni itakayodaiwa. (Dereva na utingo njia yao ni nyingine: wakiumia kazini, mwajiri aliyewasajili huwaelekeza kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Inafaa familia zao zijue, maana nazo hupoteza muda mwingi kwenye milango isiyo yao.)

Wapo watakaosema polisi wa usalama barabarani hufanya kazi hiyo tayari. Wanachora ramani ya ajali, wanakagua gari, wanampa majeruhi fomu ya polisi, PF3, ya kwenda nayo hospitali, na bila kazi yao hakuna dai linaloanza. Lakini polisi hujibu swali la jinai: je, kuna kosa la kumfikisha mtu mahakamani? Dereva akikiri kuendesha kwa uzembe na kulipa faini, jalada limefungwa, na hakuna aliyeuliza boliti ya springi ilifungwa gereji gani. Dereva akifa, kesi ya jinai hufa naye, wakati dai la mjane wa mwendesha bodaboda aliyegongwa liko hai kabisa. Hayo ni mambo ambayo mkadiria hasara huyachimba kwa sababu yanahusu fedha za aliyemtuma.

Pingamizi zito zaidi ni la kampuni za bima zenyewe. Zinasema ripoti ni mali yao, zimeilipia, na imeandikwa ili izisaidie kujitetea. Hilo lina ukweli, na jibu lake ni kutenganisha mambo mawili yaliyomo katika ripoti moja. Kuna vipimo, picha, hali ya breki na tiketi za mizani. Na kuna ushauri kuhusu kiasi cha kulipa na namna ya kupatana. Ushauri ubaki siri yao. Vipimo vilichukuliwa kwenye barabara ya umma, juu ya damu ya mtu, mahali ambapo hakuna awezaye kurudi kuvichukua upya. TIRA, inayotoa leseni kwa wakadiria hasara, ndiyo yenye nafasi ya kudai kwamba sehemu hiyo ya ripoti apewe kila aliyedhurika akiiomba.

Halafu kampuni hizo hutaja udanganyifu, na udanganyifu upo. Baada ya ajali huibuka majeruhi ambao hawakuwamo, na risiti za matibabu yasiyofanyika. Lakini giza ndilo linalowafaa waongo. Orodha ya walioumia ikiandikwa siku ile ile na mtendaji wa kijiji, ikalinganishwa na ya kituo cha afya, na pande zote zikapata nakala, jina la ziada mwezi unaofuata litaonekana mara moja. Gharama pia si hoja nzito, kwani picha za simu na karatasi mbili hazipandishi bei ya bima. Kama serikali ya kijiji itapewa jukumu hilo la orodha na picha, iwe na mpaka mmoja mkali: lori likiwa la mafuta, hakuna anayesogea kwa picha wala kwa kitu kingine. Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lililopinduka lililipuka katikati ya watu, na zaidi ya 100 wakafa. Picha ya mbali yenye namba za gari inatosha.

Namba hizo zina kazi kubwa kuliko watu wanavyodhani. Stika za bima sasa zimo katika mfumo wa kidijitali wa TIRA, na bima ya gari la Tanzania huweza kuhakikiwa kwa simu. Lori la Rwanda, Burundi au Kongo hutembea na Kadi ya Njano ya COMESA, mpango wa bima ya mtu wa tatu unaovuka mipaka, ulioanza kufanya kazi mwaka 1987, na Tanzania imebaki ndani yake ingawa ilijitoa COMESA mwaka 2000. Ajali ikitokea Biharamulo au Ngara, majeruhi hahitaji kwenda Kigali kuitafuta kampuni iliyotoa kadi. Dai hushughulikiwa hapa hapa, kwa sheria za Tanzania, kupitia Shirika la Bima la Taifa, NIC, ambalo ndilo ofisi ya mpango huo nchini. Kinachotakiwa ni namba ya kadi, jina la kampuni iliyoitoa, tarehe ya mwisho wake, na namba za kichwa pamoja na za tela, kwa sababu viwili hivyo huweza kuwa na wamiliki tofauti na bima tofauti. Aliyeumia akiwa kitandani katika hospitali ya Biharamulo au ya Murgwanza hawezi kuyaandika hayo. Ndugu yake au mtendaji wa kijiji anaweza, mradi ayaandike lori likiwa bado upande huu wa Rusumo.