Wachagga wakienda ‘kuhesabiwa’ Krismasi, nani anabaki nje ya hesabu?

Kila Desemba utani ni ule ule. Mabasi yakianza kujaa katika stendi za Dar es Salaam na magari madogo yakipanga foleni kuelekea Chalinze, Segera, Same na Himo, watu wa makabila mengine husema kwamba Wachagga wanakwenda kuhesabiwa. Desemba 2019, treni ya abiria kati ya Dar es Salaam na Moshi iliporudi baada ya kukaa zaidi ya miaka 20 bila kufanya safari, utani huo ulipanda nayo hadi ndani ya mabehewa.

Wanaotania hawajui kwamba wako karibu sana na ukweli. Katika koo nyingi za Kilimanjaro yuko mtu mmoja ambaye kwake Krismasi ni sensa kweli. Pengine ni mwalimu mstaafu, pengine ni fundi magari, pengine ni mwanamke anayeuza nafaka Himo. Halipwi na hakuchaguliwa na kikao chochote. Ana daftari kubwa lenye jalada gumu, na siku hizi ana pia simu ya kurekodi sauti. Ndani ya daftari kuna majina: aliyemzaa nani, aliyeolewa wapi, aliyezikwa kihamba gani. Mwaka mzima huuliza mtu mmoja mmoja kwa simu na kujibiwa nusu nusu. Wiki ya mwisho ya Desemba wote wako mlimani, wameshiba, na wazee wana kibuyu cha mbege mbele yao. Mtu wa daftari hana wiki nyingine kama hiyo.

Ratiba yenyewe humsaidia. Mkesha wa tarehe 24 ni kanisani. Tarehe 25 ni nyumbani, mtori asubuhi na nyama mchana. Kuanzia tarehe 26 hadi mwaka mpya ndipo mambo ya ukoo yanapoingia: vikao, kipaimara, ubatizo, harusi, na kusafisha makaburi. Waliokosana pia husuluhishwa wiki hiyo. Mwenye kosa hupeleka jani la sale, mmea ule ule unaopandwa kwenye mipaka ya vihamba na makaburini, na mwenye kupelekewa huona vigumu kulikataa. Tawi la ukoo lililokuwa limenuna miaka kumi likirudi mezani kwa sababu ya jani hilo, daftari hupata ukurasa mzima wa watoto wasiojulikana.

Kihamba ndicho ukurasa wa kwanza. Ni nyumba, ni shamba la migomba na kahawa, na ni makaburi, vyote katika kipande kimoja cha ardhi. Anayetaka kujua vizazi vitatu vya nyuma huanza kwa kutembea kati ya migomba na kusoma misalaba. Tatizo ni kwamba makaburi ya zamani zaidi hayana maandishi. Yana masale tu, na aliyezikwa pale anajulikana na mzee mmoja au wawili. Mzee huyo akifariki mwezi Machi, Desemba inayofuata kaburi lile ni la “babu fulani”.

Kitu cha pili cha kusoma ni nyama. Mgeni huona mbuzi amechinjwa na watu wanakula. Mtu wa daftari huangalia nani amepewa nini. Kwa Wachagga mnyama wa ukoo hagawiwi ovyo. Kuna kipande cha mkubwa wa ukoo, kuna cha mjomba, kuna cha wakwe, kuna cha kina mama, na namna ya kugawa hutofautiana kati ya ukoo na ukoo na kati ya Machame, Kibosho, Marangu na Rombo. Mzee akipewa kidari mbele ya mwenzake mwenye mvi nyingi kuliko yeye, hapo kuna habari: huenda babu yake alikuwa kaka mkubwa, au alizaliwa na mke wa kwanza. Mabishano juu ya kipande cha nyama yamewahi kurekebisha mti wa ukoo kuliko nyaraka nyingi. Anayechoma nyama ya kununua buchani na kuigawa kwenye sahani zinazofanana anaokoa muda, lakini anafuta maandishi.

Kisha kuna majina. Kwa desturi iliyoenea mlimani, mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, na wa pili la babu mzaa mama. Wasichana nao hufuata bibi kwa mpangilio huo huo. Kwa mwenye daftari hii ni zawadi na ni mtego. Ni zawadi kwa sababu jina la mjukuu hutaja babu aliyesahaulika. Ni mtego kwa sababu ndugu watano, kila mmoja akimheshimu baba yule yule, huleta wajukuu watano wenye jina moja. Ongeza hapo kwamba ndugu mmoja aliandikishwa shule kwa jina la ukoo na mwingine kwa jina la baba yake, na watoto wao leo wana vitambulisho ambavyo havionyeshi kwamba ni damu moja.

Mwaka wa kuzaliwa nao una hesabu yake. Bibi hasemi 1916. Anasema mama yake alizaliwa Wajerumani walipoondoka Moshi, na hapo mwandishi wa ukoo anajua ni Machi 1916, majeshi ya Uingereza yalipoingia mjini. Mwingine alizaliwa mwaka ambao chama cha ushirika cha KNCU kilianzishwa, yaani 1933. Mwingine alizaliwa mwenge ulipopandishwa kileleni, Desemba 1961.

Njia hiyo ya kupima simulizi kwa tarehe inafaa hata kwa hadithi kubwa kuliko za ukoo. Wengi mpakani wamekua wakisikia kwamba mstari wa mpaka umepinda kwenye Kilimanjaro kwa sababu Malkia Victoria alimpa mlima huo mjukuu wake Wilhelm, Kaiser wa Ujerumani, kama zawadi. Mwenye daftari huuliza swali moja: lini? Makubaliano ya Waingereza na Wajerumani yaliyopitisha mstari katikati ya nchi ya Wataveta na ya Wachagga, kisha chini ya mlima upande wa kaskazini, yalifanyika 1886. Wilhelm alitawazwa 1888. Zawadi haiwezi kutangulia kiti. Mlima uligawiwa na maofisa waliokuwa na ramani mezani, wala si bibi na mjukuu wake.

Lakini mstari upo, na ndiyo sehemu ngumu kuliko zote katika daftari.

Urithi wenyewe uliwasukuma watu kuuvuka. Kwa mila, kifungua mimba hupewa kihamba na kitinda mimba hubaki na nyumba ya wazazi. Walio katikati hutafuta kwao. Vihamba vilipojaa, hao wa katikati waliteremka tambarare, wakaenda mijini, wakaenda Taveta na Loitokitok. Ukiwatazama wafanyabiashara wengi wa Kilimanjaro kwa jicho la nasaba, utakuta mtoto wa katikati aliyekosa migomba akanunua mizani. Walioteremkia upande wa Kenya walioa huko, wakachukua vitambulisho vya huko, na wajukuu wao leo wanapita Holili kwenda Moshi kama wageni.

Halafu ikaja Februari 1977. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani ilipovunjika, Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, na haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Hizo ni Krismasi sita. Waliothubutu walipita njia za panya, lakini mwenye watoto wadogo na mizigo hakupita. Katika madaftari ya koo zenye watu pande zote mbili, miaka hiyo ni pengo. Watoto waliozaliwa Taveta wakati huo hawakuletwa kwa babu, hawakuonyeshwa kaburi wala kupewa kipande chao cha nyama. Wengine babu alifariki hawajamwona. Mpaka ulipofunguliwa, watoto wa 1977 walikuwa wameanza shule, na salamu ya kwanza kwa binamu zao ilihitaji kutambulishana.

Leo Holili na Taveta kuna kituo cha pamoja cha mpakani, kilichozinduliwa 2016, na mwenye mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 uliotoka ndani ya Jumuiya anaweza kutumia cheti rahisi cha uasili wa bidhaa. Kuvuka si shida kama zamani. Kinachokosekana ni kumbukumbu ya nani avukiwe.

Na hapa kuna kasoro ambayo wenye madaftari wenyewe hawapendi kuambiwa. Madaftari mengi yameandikwa na wanaume, yakiuliza wanaume, na mstari wa binti huishia pale alipoolewa. Panaandikwa “aliolewa Rombo” au “aliolewa Kenya”, basi. Watoto wake ni wa ukoo mwingine, kwa hiyo hawaandikwi. Matokeo yake, hesabu ya Krismasi huwaacha nje watu wale wale waliounganisha pande mbili za mpaka. Maana aliyevuka, mara nyingi, ni binti. Ni shangazi aliyekuwa akipeleka ndizi Taveta akapata mume huko. Ni bibi aliyetoka Loitokitok akaja kuolewa Tarakea.

Anayetaka kuwapata asikae na wazee chini ya mti. Aende jikoni, kwenye sufuria ya mtori, akae na kina mama wanaomenya ndizi. Wao ndio wanaojua nani alijifungua mwaka wa pengo, nani alibatizwa kwa jina gani, mtoto wa nani alilelewa na nani. Wao pia ndio wanaojua yale yasiyotajwa kwenye kikao: mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa na kupewa ukoo wa mama yake, au kijana aliyetoroka na asitajwe tena. Hapo mwenye daftari analazimika kuamua. Akiandika, huenda akawaudhi waliohai. Asipoandika, vijana wawili watakutana chuoni Nairobi au Arusha, wataleta posa nyumbani, na ndipo mzee atagundua kwamba ni watoto wa ndugu. Katika koo zinazokataza ndoa ya damu moja, posa hiyo huvunjika mbele ya wageni.

Makanisa yanaweza kusaidia. Wamisionari wa Kianglikana walianza kazi Moshi 1885, lakini baada ya vita vya 1892 kati ya Wajerumani na Mangi Meli waliondoka na kuhamia Taveta, upande wa Waingereza. Wakatoliki walikuwa wameshafungua misheni Kilema 1890, na Walutheri walifika Machame 1893. Vitabu vya ubatizo vya parokia kongwe huandika mtoto, baba, mama na msimamizi wa ubatizo. Yaani jina la mama, ambalo daftari la ukoo limeliacha, limekaa pale. Ila wiki ya Krismasi si wakati wa kumsumbua katibu wa parokia. Aombwe miadi ya Januari.

Kwamba mambo haya si mchezo wa wastaafu kulionekana 2023. Taasisi inayosimamia makumbusho ya taifa mjini Berlin ilitangaza kwamba mafuvu matatu yaliyochukuliwa Kilimanjaro enzi za Wajerumani yamepatikana kuwa na ndugu walio hai, kwa vipimo vya vinasaba. Moja lilikuwa la Akida, mshauri wa Mangi Meli. Meli mwenyewe alinyongwa Moshi ya Kale mwaka 1900 pamoja na viongozi wengine, na fuvu lake bado linatafutwa. Maabara haikupata jibu hilo peke yake. Ilihitaji watu walio hai wa kulinganisha nao, na hao walijulikana kwa sababu familia zao zilikumbuka walitoka kwa nani. Ukoo uliopoteza majina hauna wa kumpeleka kupimwa.

Kwa mfanyabiashara wa mpakani kuna faida ya karibu zaidi. Anayetoa mahindi kwa mali kauli upande wa pili hana polisi wa kumdai mtu huko. Anachotegemea ni kujulikana, na kujua kwamba mnunuzi ni mjukuu wa shangazi wa babu yako ni dhamana inayofika mbali, kwa kuwa deni lisipolipwa litatajwa Desemba mbele ya nyama. Wapo waliotapeliwa na ndugu pia, hilo lisifichwe. Lakini walau hao wanajua pa kwenda kugonga.

Ikifika tarehe 2 Januari mabasi huanza kuteremka. Kurasa za daftari hupigwa picha na kutumwa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, na ndani ya saa moja mtu wa Mombasa analalamika kwamba jina la mama yake limekosewa. Mwingine anauliza kwa nini watoto wa dada yake wa Taveta wameandikwa tu “watano”. Mwenye daftari anajibu kwamba majina hayajui, atumiwe. Anatumiwa matatu.