Hesabu za Samaki Wenye Pupa

Fungua mfuniko wa tangi la samaki wa mapambo uwaangalie danio wenye milia. Kabla chembe ya kwanza ya chakula haijagusa maji, kundi zima limeshapanda juu, na ndani ya sekunde chache nusu ya mlo imekwisha. Chini, kambare wadogo aina ya korido wanapapasa mchanga kwa sharubu zao na hawaambulii kitu. Tetra wa Kongo, ambaye kwa umbo anawazidi danio kwa mbali, anajificha nyuma ya majani mpaka fujo iishe. Ikiisha, chakula nacho kimeisha.

Wafugaji wengi hujibu kwa kuongeza chakula. Ndivyo tangi linavyoharibika. Ziada ile huliwa na danio walewale, na inayobaki inaoza na kutoa amonia. Bakteria wanaoishi kwenye chujio huigeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati, lakini kasi yao ina kikomo. Isitoshe, amonia hudhuru zaidi maji yakiwa ya joto na pH yake ikiwa juu, kwa hiyo mfugaji wa Mombasa au Dar es Salaam, ambako maji hupata joto bila hita, ana sababu ya kuogopa mkono mzito kuliko mwenzake wa nchi ya baridi.

Pupa hiyo ya danio inatoka wapi? Tuanze na tumbo. Danio ni wa ukoo mmoja na samaki wa dhahabu, na ukoo huo una jambo ambalo wengi hawalijui: hauna mfuko wa tumbo. Chakula kikipita kooni kinaingia moja kwa moja kwenye utumbo. Hakuna ghala la kuweka akiba ya mlo mkubwa. Katika vijito na mashamba ya mpunga ya India, Nepali na Bangladeshi alikotoka, danio hudonoa wadudu na vijidudu vya majini kidogokidogo mchana kutwa. Mwili wa namna hiyo unaulizia chakula kila saa, hata mwenyewe akiwa ameshiba vya kutosha.

Kisha kuna kundi lenyewe. Mwaka 1982 watafiti Pitcher, Magurran na Winfield walionyesha kuwa samaki walio katika kundi kubwa hugundua chakula haraka kuliko walio katika kundi dogo. Macho ni mengi, na mmoja akiinamisha kichwa kudonoa, jirani anamwona na kumfuata papo hapo. Ila faida hiyo ina gharama yake, maana chembe ambayo samaki hataimeza sasa hivi itamezwa na aliye ubavuni pake. Mashindano makali zaidi ya wakati wa mlo ni ya danio kwa danio. Korido hakushindana na mtu. Amekosa kwa sababu wengine wanakimbizana juu ya kichwa chake. Ndiyo maana siafiki ushauri wa kuwapunguza danio wabaki wawili watatu. Wakiwa wachache hivyo hukosa utulivu, na mara nyingi huanza kuwasumbua wenzao wa aina nyingine.

Jaribio linalomfaa mfugaji kuliko yote lilichapishwa mwaka 1979 na Mjerumani Manfred Milinski. Aliweka samaki sita wadogo wenye miiba mgongoni ndani ya tangi, akawa anadondosha viroboto wa maji kwenye ncha mbili kwa kasi tofauti. Ncha moja ilipopata chakula mara tano ya nyingine, samaki walijigawa kwa wastani watano huku na mmoja kule. Uwiano ulipokuwa mbili kwa moja, wanne walikwenda upande wenye neema na wawili wakabaki upande wa pili. Kisha Milinski akageuza kasi, na baada ya dakika chache samaki nao wakahama, kama abiria wanaoondoka kwenye foleni iliyosimama na kwenda kwenye ile inayosogea.

Hakuna aliyewafundisha kugawana. Kila mmoja alikuwa akitafuta mahali patakapompa zaidi, na mgawanyo ukajitokeza wenyewe. Lakini kugawana nafasi hakukuwa kugawana chakula sawasawa. Katika kila ncha wepesi walipata zaidi ya wazito.

Hizo dakika chache za kuhama ndizo silaha ya mfugaji. Anza kwa kuwapa danio chembe zinazoelea kwenye kona moja, kidogokidogo na bila kukatiza, ili pasiwe na sababu ya kuondoka. Wakiwa wamejaa pale, dondosha vidonge vinavyozama kwenye kona ya mbali. Wachache watakuja, lakini wakifika vidonge vimeshatua mchangani, mahali ambapo mdomo wa danio, ulioelekea juu, haufanyi kazi vizuri na mdomo wa korido, ulioelekea chini, uko nyumbani. Badilisha kona mara kwa mara. Samaki hujifunza upesi mahali na saa ya chakula, na wakishajua kwamba kidonge hufuata upande wa kushoto, watakusubiri kushoto.

Kwa tetra wa Kongo nina njia ninayoipenda zaidi. Chukua bomba la sindano lisilo na sindano, uchomeke kwenye ncha yake kipande cha mpira mwembamba wa pampu ya hewa. Vuta maji ya tangi pamoja na mabuu mekundu yaliyoyeyushwa kutoka kwenye barafu, pitisha mpira nyuma ya majani, kisha sukuma taratibu sana. Mabuu hutoka mojamoja na kuelea katikati ya maji, mbele ya mdomo wa samaki ambaye kwa siku nzima hakuthubutu kupanda juu. Wafuge wakiwa sita au zaidi, kwa maana tetra aliye peke yake ni mwoga hata tangi likiwa tulivu.

Chombo cha kulisha chenyewe kwa saa kina kasoro: hudondosha kiasi kidogo mahali palepale. James Grant wa Chuo Kikuu cha Concordia, Kanada, na wenzake wamechunguza jambo hili kwa samaki wadogo wa Japani waitwao medaka. Chakula kikikusanyika mahali pamoja na kuja chembe kwa chembe, mbabe mmoja anaweza kukihodhi. Kikisambaa na kuja kwa mkupuo, hana namna ya kulinda kote.

Samaki wengine ni wa usiku kabisa. Kambare anayeogelea chali, mzaliwa wa bonde la Kongo na ndugu wa gogogo wa Ziwa Victoria, hutoka mafichoni giza likiingia na kula akiwa amegeuza tumbo juu. Mlishe nusu saa baada ya kuzima taa, danio wakiwa wamelala.

Kanuni maarufu ya kuwapa kile wanachomaliza kwa dakika mbili naiona ina upungufu, kwa sababu inampima aliye mwepesi tu. Kipimo cha kweli kiko kwenye mwili wa aliye mzito. Mwangalie korido kwa pembeni anapokwea kioo: tumbo lake liwe limejaa kidogo, angalau tambarare. Likiwa limebonyea ndani na mgongo umechongoka, amekuwa akikosa kwa majuma. Mpeleke kwenye tangi dogo la pembeni, mlishe peke yake mpaka anenepe, ndipo umrudishe.