Mpanda: Risasi Iliisha, Reli Ikabaki

Mtoto wa Mpanda akiulizwa historia ya kwao, aghalabu hutaja viboko wa mto Katuma, kisha hunyamaza. Hatumlaumu. Hifadhi ya Katavi, iliyotangazwa mwaka 1974 na kupanuliwa mwaka 1998 hata ikafikia kilometa za mraba 4,471, ndiyo isifiwayo kila mahali. Na mkoa wenyewe, uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, umechukua jina hilo hilo. Lakini mji haukujengwa na viboko.

Ulijengwa na madini ya risasi. Yaligunduliwa katika miaka ya 1930, na baada ya Vita Kuu ya Pili kampuni ya Uruwira Minerals ikayachimba pamoja na fedha, dhahabu na shaba. Kwa ajili yake serikali ya kikoloni ilijenga tawi la reli la takriban kilometa 210 kutoka Kaliua. Mgodi ulifungwa mwaka 1960. Reli ikabaki, ikabeba mahindi, wagonjwa na mabibi harusi. Njia iliyotandikwa ili mali iondoke ndiyo iliyokuja kuleta watu.

Wengine walifika kwa machozi. Baada ya mauaji ya Burundi ya mwaka 1972, wakimbizi walipewa ardhi Katumba, kisha Mishamo, wakaifyeka misitu na kuilima. Wengi wao na watoto wao sasa ni raia wa Tanzania.

Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, ina umri mkubwa zaidi. Wabelgiji walijenga kituo hapo mwaka 1879, wakawaachia wamisionari wa Kikatoliki mwaka 1885. Kabla yao misafara ya pwani ilikwisha kuzifikia nchi za ziwa hilo, ikija na nguo, lugha hii tuiandikayo, na dini yetu. Tusifiche: misafara hiyo ilibeba pia watumwa, na wenzetu katika imani walikuwa miongoni mwa wenye kuiongoza. Mtoto asiyeambiwa hilo nyumbani ataambiwa barabarani, tena kwa shari.

Kijana aliyeingia mgodini mwaka 1958 akiwa na miaka kumi na minane, leo, akiwa hai, amepita themanini na mitano. Baada ya swala ya Ijumaa, mkalisheni mzee wa namna hiyo barazani. Muulizeni mshahara ulikuwa kiasi gani, walilala wapi, na siku mgodi ulipofungwa nani aliondoka na nani alibaki. Kisha mmoja wenu ashike kalamu.